Kansa ya mzazi imerudi: nani aambiwe, na aambiwe nini?

Kansa ya titi ya mama ilitibiwa, sasa imeonekana mifupani. Kaka zangu hawataki aambiwe, wanaogopa atakata tamaa. (Arua)

Habari za mwili wa mama ni zake, msimwamulie. Kabla ya siku ya kliniki, mmoja wenu akae naye faraghani amwulize: "Mama, majibu yakitoka, ungependa daktari akueleze wewe, au azungumze na mmoja wetu?" Atakalojibu, daktari alijue kabla ya kufungua faili.

Akitaka kujua, aanze yeye kusema anavyouona ugonjwa wake. Aliyekwisha kupita kwenye kemo (dawa kali za kuua kansa) huwa ameshahisi mengi. Kisha mwambieni kwa ufupi: kansa imerudi, imeingia kwenye mifupa. Mnyamaze, alie au aulize. Wengi huharibu hapo, kwa kuharakisha kuahidi kwamba atapona. Kansa ya titi iliyofika mifupani kwa kawaida haiponi kabisa, lakini dawa zaweza kuizuia, wakati mwingine kwa miaka, na maumivu hutulizwa. Hayo ni matumaini ya kweli, mpeni hayo.

Kuficha kuna hatari nyingine ambayo kaka zako huenda hawajaifikiria. Maumivu mapya ya mgongo, miguu ikilegea au mkojo ukigoma, huenda uti wa mgongo umebanwa; apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana akichelewa anaweza kupooza. Mama asiyejua kuhusu mifupa atadhani ni uchovu wa shamba, na hatawaambia.

Mzee ana kansa na anakataa mofini, dawa kali ya maumivu. Anasema hiyo ni dawa ya anayekufa. (Mbale)

Mpe pole, hofu hiyo ni ya wengi. Mofini hupimwa kwa ukubwa wa maumivu, si kwa siku zilizobaki. Maumivu yakipungua, mtaalamu huipunguza taratibu. Nchini Uganda, hata wauguzi waliosomea tiba shufaa (huduma ya kutuliza maumivu ya wagonjwa mahututi) wanaruhusiwa kuiandika, na shirika la Hospice Africa Uganda huwafuata wagonjwa hadi nyumbani.

Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, hata kama maumivu hayajarudi: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku, ambapo mara nyingi huandikwa dozi maradufu ili alale. Inafunga choo karibu kwa kila mtu, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Wengi huiacha mofini kwa sababu ya choo tu. Chupa huwa na nguvu tofauti: someni lebo kila mnapopokea mpya.

Mama ana kansa, na wajukuu wa miaka 7 na 13 wanaishi naye. Waambiwe?

Ndiyo, kwa idhini yake. Mdogo: bibi ana kansa, haiambukizi, wala si kosa la yeyote. Mkubwa aulizwe anachotaka kujua, na asigeuzwe muuguzi.

Ukoo unachanga pesa za matibabu ya mama na wanadai kujua kila kitu. (Jinja)

Tungeni na mama sentensi moja anayoikubali, kama: "Mama amerudi kwenye matibabu, tunahitaji nauli na pesa za vipimo." Msemaji awe mmoja. Picha za kadi au majibu ya maabara zisiwekwe kwenye kundi la WhatsApp. Wachangaji wanastahili hesabu ya pesa zao, basi wapeni hiyo kila mwezi, pamoja na risiti za vipimo ambazo jina la kipimo limefunikwa.