Maswali ya Wasomaji: Homa imeshuka, mbona moyo bado unakwenda mbio?

SWALI: Salaam aleikum, daktari. Nina miaka 31. Siku nne zilizopita nilishikwa na mafua na homa ya 38.6. Mapigo ya moyo wangu kwa kawaida ni 72 kwa dakika, yakafika 98. Jana homa ilishuka hadi 37.1, lakini mapigo bado ni 94. Moyo umeharibika? – Msomaji wa kike, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Ile 98 ya mwanzo isikutishe. Kila nyuzi moja ya homa inapopanda, moyo huongeza takriban mapigo 10 kwa dakika, na jasho la joto letu la pwani likikupunguzia maji, huongeza mengine. La kuangaliwa ni hili la pili: homa imeshuka, mapigo hayakuifuata.

Kwanza pima upya, kwa sababu saa ya mkononi ikilegea au ikiloa jasho hudanganya. Kaa dakika 5, weka kidole cha shahada na cha kati chini ya shina la dole gumba, uhesabu dakika nzima. Usitumie dole gumba, lina mapigo yake.

Kisha tazama mkojo. Ukiwa wa manjano iliyokoza, una upungufu wa maji. Changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe kidogo kidogo. Madafu ni mazuri, ila sodiamu yake ni ndogo. Ukiwa unaharisha hayatoshi. Soma pia pakiti ya dawa ya mafua: zile za kuzibua pua zenye sudoefedrini huharakisha moyo, kama zifanyavyo kahawa chungu, miraa na dawa ya pumu ya kuvuta.

Sasa sikiliza vizuri. Mombasa tuna homa ya dengi, na hatari yake huja homa inaposhuka, mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 7. Mapigo ya mbio na dhaifu, mikono baridi, tumbo kuuma sana, kutapika kusikokoma au ufizi kutoka damu: nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Mpaka upimwe, tumia paracetamol tu, usimeze aspirini wala ibuprofen. Malaria nayo ipimwe. Na hata ukiwa salama, mazoezi mazito yasubiri hadi mapigo yarudi kawaida, maana virusi mara chache huvimbisha msuli wa moyo. Kifua kikiuma, ukizimia au pumzi ikikata, usisubiri.

SWALI: Baba ana miaka 68 na hutumia atenolol, dawa ya presha na moyo. Ana homa ya 39, mapigo 62. Ni dalili njema? – Kisauni

JIBU: Hapana, kwake namba hiyo haisemi kitu. Atenolol huyazuia mapigo ya moyo yasipande hata mwili ukiwa taabani; homa ya matumbo pia huweza kuyaacha mapigo chini. Mpeleke apimwe leo. Njiani angalia pumzi (zaidi ya 24 kwa dakika ni mbaya), mkojo, na kama maneno yake yanachanganyika. Dawa msiikatize wenyewe, kwani kuiacha ghafla huweza kuleta maumivu ya kifua. Daktari ndiye atakayeamua kipimo cha dawa, hasa mapigo yakiwa chini ya 50 au presha ikishuka.