Nikikumbuka wema wa Mungu, naumia zaidi

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mama. Miaka sita iliyopita mtoto wetu aliugua hadi tukakata tamaa. Tukaomba, akapona. Sasa mume wangu ana mwaka na zaidi hana kazi, na mbinguni kimya. Watu wananiambia, "Kumbuka Mungu alikokutoa." Nikikumbuka, naumia: kama aliweza siku zile, mbona leo amenyamaza? Je, imani yangu imekufa?

JIBU: Amina, mwanangu. Haijafa. Soma Zaburi ya 77, zaburi ya Asafu. Mstari wa 3 anasema alipotaka kumkumbuka Mungu alifadhaika. Naye kumbukumbu zilimuuma, hata akauliza kama Mungu amesahau fadhili zake, na wala hakukemewa. Ndipo katika mstari wa 11 anasema, "Nitayakumbuka matendo ya Bwana," akarudi hadi pale baharini, Mungu alipowapitisha watu wake na nyayo zake zisionekane.

Mimi nina daftari la shuhuda, jalada lilishang'oka. Zamani niliandika majibu tu: amepona, amefaulu, deni limekwisha. Nilipofiwa na mume wangu nikalifungua, nikalifunga kwa uchungu. Lilikuwa kama la mtu asiyewahi kulia. Ukurasa mmoja tu ulinishika, ule niliouandika kwa penseli kando ya kitanda cha binti yangu: "Saa nane, homa bado. Nimechoka kuomba. Saa kumi, homa bado." Chini yake, mwandiko umepinda: "Kumekucha, ameomba maji." Usiku ule nao nilidhani Mungu amenyamaza.

Kwa hiyo, mwanangu, usiikumbuke siku ya kupona peke yake. Rudi kwenye zile za kabla yake. Nani alikesha nawe? Ulimwambia Mungu nini ulipoishiwa maneno? Kimya hiki ulishakipita mara moja, naye alikuwa nawe humo humo. Siwezi kukuahidi kwamba kazi itapatikana mwezi huu. Neno hilo sikupewa.

Ila kaeni jioni moja, wewe na baba yake, mumsimulie mtoto usiku ule ulivyokuwa, hofu yenu na yote. Yoshua aliyasimamisha mawe 12 ya Yordani ili watoto wakiuliza maana yake waambiwe. Wa kwenu ameshafika umri wa kuuliza.