Shati la mjomba wako

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu,

Ujumbe wako niliupata juzi usiku, nikausoma mara mbili, nikazima simu. Jana nimeshinda nao kichwani huku nachambua mchele. Leo nimeomba karatasi kwa mdogo wako nikuandikie, kwa sababu nikirekodi sauti nitalia, nawe utaacha wageni wako huko Arusha upande basi la usiku.

Umesema yule mgeni wenu Mwingereza alikusimulia habari za Julie Ward, yule binti wa Kiingereza aliyefia Maasai Mara, Kenya, mkiwa njiani kutoka Serengeti, na tangu siku hiyo hulali. Unasoma kila kilichoandikwa kuhusu kifo chake, halafu unajiona kama mtu anayechungulia dirishani kwenye msiba wa watu. Ukaniuliza: "Mama, ni vibaya kupekua kifo cha mtu asiyenihusu?"

Hilo jina si geni kwetu, mwanangu. Lilikuwa likitajwa barazani kwa babu yako wewe ukiwa mchanga, nimekufunga kanga kifuani.

Ilikuwa mwaka 1989, huko Nairobi mahakama inachunguza kifo chake, na redio inaeleza. Wazee wanakuja jioni kwa kahawa, habari wanaijua kama ya mtaani kwao. Binti wa miaka 28 kaja kupiga picha za nyumbu Maasai Mara. Gari lake, Suzuki dogo, likaharibika, mwenzake akatangulia Nairobi, yeye akabaki kungoja litengenezwe. Tarehe 6 Septemba 1988 akaonekana kwa mara ya mwisho akiondoka Sand River, karibu kabisa na mpaka wetu. Baba yake, John Ward, akaja kutoka Uingereza, akakodi ndege zikazunguka mbuga nzima. Gari likaonekana limekwama korongoni. Tarehe 13 wakapata kilichobaki: sehemu ya mguu na taya, kwenye majivu ya moto.

Wakubwa wakasema ameshambuliwa na wanyama. Pale barazani mzee mmoja akauliza tangu lini fisi akawasha kiberiti, na wote wakatikisa vichwa. Babu yako hakusema kitu. Lakini ilipofika habari ya daktari, alinyanyuka akaongeza sauti ya redio, akabaki amesimama mkono ukiwa juu ya kile kitufe.

Habari yenyewe ndiyo hii. Daktari wa kwanza aliyeupima mguu aliandika kwamba umekatwa na kitu chenye makali. Mkubwa wake akayachukua maandishi yale akayabadilisha, ikasomeka kama umeraruliwa. John Ward hakukubali. Akabeba mabaki ya mwanawe mpaka Cambridge, mtaalamu wa huko naye akasema: umekatwa.

Kukatwa na kuraruliwa. Wewe umesoma hilo kwenye simu ukalipita. Mimi nililisikia siku ile nikamtazama baba yangu, naye akanitazama, na mama yangu akaingia ndani.

Mjomba wako unamjua kwa ile picha ya studio, kavaa miwani ya kuazima. Alikuwa na miaka 23. Januari ya mwaka huohuo wa 1989 alipata lifti ya lori la mizigo lililokuwa linakwenda Zambia. Alitaka kuona Lusaka, arudi na vitenge vya kuuza, lakini zaidi alitaka kuona tu. Alichukua daftari la shule akaniahidi kuandika jina la kila mji atakaopita, kuanzia Chalinze, ili akirudi anisomee. Nilimwambia asisahau kuniandikia na mito. Akacheka, akasema mito ni mingi mno, daftari litajaa kabla ya Iringa.

Siku ya sita dereva akarudi peke yake na habari. Kaanguka kwenye lori usiku, kazikwa hukohuko na wenyeji. Tukaletewa begi. Ndani mlikuwa na ndala zake na lile shati la samawati ambalo baba alimshonea kwa sikukuu ya Idi. Daftari halikuwemo.

Na shati lilikuwa limefuliwa. Limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri kama linatoka dukani.

Mama yangu alilinusa akasema, "Hata jasho lake hawakuniachia." Baba yeye alilishika kwa mikono ya kazi. Unajua babu yako alikuwa fundi cherehani, mshono wake aliujua kama watu wanavyojua mwandiko. Akaona begani kushoto pameshonwa kwa mkono, uzi mweusi, sindano inaruka ovyo. Si mkono wake. Akaupindua mshono kwa ndani, akauelekeza dirishani kwenye mwanga. Akaniita. "Njoo uone. Kitambaa kikichanika huota ndevu, nyuzi zinabaki zinaning'inia. Hiki hakina ndevu. Hiki kimekatwa."

Aliweka cherehani rehani akapata nauli. Akaenda mpaka kituo cha polisi cha huko njiani, sikitaji. Akalitandaza shati kaunta akawaeleza kama nilivyokueleza. Askari akamwuliza, "Mzee, uzi ndiyo shahidi wako?" Wakamwambia jalada limepelekwa mkoani. Akaenda mkoani, akaambiwa liko wilayani. Wakamwonyesha kaburi, akasoma dua, akarudi Temeke na shati lake ndani ya mfuko wa nailoni.

Ndiyo maana ilipofika habari ya daktari aliongeza sauti. Alikuwa anasikia mahakama nzima, na hakimu, na mawakili, wanabishania kile ambacho yeye alichekwa kwa ajili yake. Usiku ule aliniambia maneno ambayo nimekaa nayo mpaka leo: "Yule mzee na mimi tumeona kitu kimoja. Yeye alikuwa na ndege."

Mimi nasema siku zote, nanyi mmechoka kulisikia: maiti hana mdomo, mdomo wake ni jamaa zake. Nililisema hilo hata kwenye msiba wa shangazi yako, baba yako akanikanyaga mguu. Lakini nalisema kwa sababu najua mdomo unavyofungwa. Sijawahi kukueleza hili. Babu alitaka kurudi kule mara ya pili. Alikuwa ameshapata ahadi ya nauli kwa jirani. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilikuwa na mimba yako ya miezi saba, miguu imevimba, mama hali chakula, na nilimwambia, "Baba, yaache. Utatuachia misiba miwili." Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa. Hakwenda tena. Nikisoma kwamba John Ward alikwenda Kenya zaidi ya mara 100, kwamba alitumia karibu pauni milioni 2, siwezi kumwonea wivu wa fedha tu. Namfikiria mtoto mwingine ndani ya nyumba ile ambaye angeweza kumwambia yaache, na hakumwambia. Au alimwambia na mzee hakusikia. Sijui lipi linaniuma zaidi.

Nusu ya moyo wangu hukasirika, sikufichi. Mzungu mmoja amekufa mbugani, wakaja wapelelezi kutoka London, zikafunguliwa kesi, zaidi ya miaka 35 anatajwa. Wetu amekufa barabarani, na hata mstari mmoja gazetini hakupata. Nikifika hapo najibishana mwenyewe: kwani Julie alimnyang'anya mjomba wako nini? Baba yake hakuomba upendeleo, aliomba neno liandikwe kama lilivyo. Kosa ni la aliyeona shati kaunta akacheka. Nikishasema hivyo natulia, halafu kesho yake nakasirika tena.

Na alipata nini yule mzee? Mwaka 1992 askari wawili wa mbuga walishtakiwa wakaachiwa. Mwaka 1999 akashtakiwa aliyekuwa mkuu wao, naye akaachiwa. John Ward amefariki mwaka 2023 bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani. Lakini angalia hili, mwanangu, usilipite: hakuna leo anayesema Julie Ward aliliwa na wanyama. Mahakama ya Nairobi ilikubali kwamba kuna mkono wa mtu, na mwaka 2004 uchunguzi wa kwao Uingereza ukaandika kwamba aliuawa. Neno alilirudisha. Wengine mtasema ni kidogo. Muulize aliyeandikiwa "kaanguka".

Unakumbuka mwaka 2021, mdogo wako alivyokuwa anatusomea kila jioni habari za Gabby Petito, yule binti wa Marekani wa miaka 22 aliyekuwa anatembea nchi na mchumba wake ndani ya gari jeupe? Nilimkemea kwanza. Nilisema hayo ni mambo ya kula nayo chakula? Kisha akasoma kwamba familia moja ya wasafiri ilikuwa imepita njia ileile, kamera ya gari lao ikachukua lile gari jeupe limeegeshwa kando, nao wakaitoa picha kwa watu wote. Siku hiyohiyo, tarehe 19 Septemba, mwili ukapatikana eneo lile, huko Wyoming. Nikanyamaza. Mtu asiyemjua, asiye ndugu yake, alikuwa mdomo wake. Mchumba ndiye aliyemuua, na alikiri kwa mkono wake kwenye daftari lililokutwa karibu na mabaki ya huyo mchumba mwenyewe.

Lakini palepale mdogo wako akasoma kwamba watu walijazana mbele ya nyumba ya wazazi wa yule mchumba kule Florida, usiku na mchana, wanapiga kelele, wanapiga picha. Hao hawakuwa mdomo wa mtu. Na kwamba katika Wyoming hiyohiyo, kwa miaka 10 hivi kabla yake, wenyeji wa asili 710 waliripotiwa kupotea. Baba wa Gabby mwenyewe alisema mbele ya waandishi kwamba ni aibu kama wengine waliopotea hawatafutwi hivyohivyo. Nilimpenda mzee yule kwa neno hilo. Katikati ya msiba wake alikumbuka watoto wa wenzake.

Kwa hiyo unaniuliza kama ni vibaya, nami nakujibu jingine, naliona hilo. Ninachokujibu ni kwamba unaposoma usiku, jiangalie unasoma kama nani. Kama yule wa kamera ya gari, au kama wale wa mbele ya nyumba. Na wewe kazi yako ni kuwachukua watoto wa watu na kuwarudisha. Kila mgeni unayempokea pale uwanjani ana John Ward wake nyumbani.

Unataka pia nikwambie nani alimuua. Umeliuliza mwishoni, kana kwamba mimi ni jaji. Ninalo langu, na babu yako alikuwa na lake, na hayakufanana. Kalamu iko mkononi na inaniwasha. Lakini mahakama mara mbili imesema hapana, na walioachiwa nao ni wana wa watu. Siliandiki.

Na yule dereva. Kwenye arobaini alilia kuliko wafiwa, mpaka mama yangu akamletea maji. Miaka sita iliyopita nilimwona Tandika sokoni, kazeeka, anachagua mihogo. Alinijua. Aliacha mihogo yake akaondoka. Nilisimama pale na kikapu changu mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa. Usiku nikasema, huyo ndiye. Alfajiri nikasema, huenda mzee wa watu aliona haya tu, miaka yote hii kujua kwamba alitoka na mtoto wa mtu akarudi na begi. Hata shati lenyewe, mwanangu. Miaka nimeamini kilichokatwa kilikatwa kwa kisu. Halafu siku moja nashona gauni la mdogo wako lililochanika, nikajikuta nimechukua mkasi, nazipunguza ndevu kabla ya kutia uzi. Mkono ulinifia. Kila mshonaji hufanya hivyo. Pengine kuna mama kule aliyemwosha marehemu wetu, akaona shati limechanika, akalifua, akalipunguza nyuzi, akalishona kwa uzi aliokuwa nao, akalipiga pasi ili mama wa mtu asilipokee na damu. Kama ni hivyo, nimemkosea mama yule maisha yangu yote, na ningempigia magoti. Lakini basi daftari liko wapi? Nani huosha shati kwa huruma akabaki na daftari?

Babu angejua. Aliujua mkato wa mkasi na wa kisu, na alisema kisu. Lakini alikuwa baba.

Ukija likizo mwezi wa nne tutalitoa. Liko kwenye sanduku la bibi yako, chini kabisa, nimelizungushia kanga. Macho yangu hayaoni tena uzi, na mdogo wako sijamwambia. Kaa nalo mlangoni asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, ulipindue. Mshono uko begani kushoto, wa uzi mweusi.

Mama yako