Alama zangu za mkopo ni mbovu, niombe au nisubiri?

SWALI: Shangazi, nataka kukopa ninunue gari la biashara, ila niliwahi kuchelewesha marejesho na alama zangu za mkopo zimeshuka. Nifanyeje?

JIBU: Subiri kwanza, mwanangu. Alama za mkopo ni namba inayowaonyesha wakopeshaji jinsi unavyolipa madeni yako. Omba taarifa yako ya mikopo kwa taasisi inayotunza kumbukumbu za wakopaji, uisome mstari kwa mstari. Nilipokuwa afisa mikopo niliona watu wakinyimwa kwa deni walilokwisha kulimaliza, kwa sababu tu mkopeshaji hakupeleka taarifa kwamba limelipwa. Iliniuma sana. Ukikuta kosa, lipinge kwa maandishi na uambatanishe risiti.

Kisha lipa malimbikizo yote, hata yale madogo unayoyadharau. Historia ya malipo ndiyo yenye uzito mkubwa. Kama una kadi ya mkopo, kaa mbali na kikomo chake: kikiwa 1,000, deni lisizidi 300. Na tafadhali, usipeleke maombi kwa wakopeshaji watano kwa mpigo, maana maombi mengi ya karibu karibu huwatia shaka.

Anayekuahidi kufuta historia ya kweli ukimlipa ada ni tapeli. Jipe angalau miezi 6 ya kulipa kwa wakati, ndipo uombe.