Amepigwa mionzi, au amechomwa sindano?

SWALI: Baba mdogo yuko India anatibiwa saratani ya tezi dume kwa luteti-177, dawa yenye mionzi ambayo huingizwa kwenye mshipa. Nyumbani sote tunasema "anapigwa mionzi", lakini binti yake ambaye ni muuguzi anatukatalia. Tena tumeambiwa nusumaisha ya luteti hiyo ni siku 6.6. Je, ni sahihi kusema ikifika siku ya 13 "imekwisha"?

JIBU: Msikilizeni binti. "Kupigwa" kunataka kitu kinachotoka nje kumfikia mtu: tunapigwa na jua, tunapigwa na upepo, tunapigwa picha. Ndiyo maana kitenzi hiki kiliwaingia watu mdomoni tangu enzi za mashine za mionzi za kobalti pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Mgonjwa analala kitandani, mashine inaelekezwa kwenye uvimbe, na akitoka chumbani habebi mionzi yoyote.

Luteti inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Imefungwa kwenye molekuli inayotafuta protini iliyojaa juu ya seli za saratani hiyo, na ikishanasa hapo hutoa mionzi ya beta ambayo mwilini haifiki mbali, milimita 2 hivi. Kwa siku kadhaa chanzo cha mionzi kimo ndani ya baba mdogo mwenyewe. Mkisema "amepigwa", wa nyumbani watadhani mambo yaliishia hospitalini, wakati ameagizwa asikae karibu na watoto wala wajawazito kwa muda fulani. Semeni "amechomwa sindano ya dawa yenye mionzi". Neno "sindano" msiliache, maana "amechomwa mionzi" peke yake linasikika kama moto, na mgonjwa wa saratani ana hofu ya kutosha. Aliyetibiwa tezi ya shingo kwa iodini-131 naye hakupigwa wala hakuchomwa, amemeza.

Kuhusu siku ya 13: hapana, haijaisha. Nusumaisha (wengine huandika nusu-uhai, nalo ni sawa) ni muda wa kupungua nusu. Siku ya 6.6 imebaki nusu, siku ya 13 robo, siku ya 20 thumni, yaani moja ya nane. Mwilini hupungua upesi zaidi kwa sababu sehemu kubwa hutoka na mkojo, lakini kitenzi kinachofaa bado ni "imepungua".

Hapo hapo ndipo penye jibu la lawama ninayoisikia mara nyingi, kwamba hospitali "haikuweka akiba". Dawa hii haina akiba. Metali iitwayo iterbi-176 huwekwa kwenye kinu cha nyuklia ipigwe na nyutroni, chembe ndogo za atomu (huko kweli kuna kupigwa), inakuwa iterbi-177, ambayo ndani ya saa chache hugeuka luteti-177. Wataalamu huitenga kwa kemia, huifunga kwenye molekuli yake, kisha husafirishwa kwa haraka kufuata tarehe ya mgonjwa. Ndege ikichelewa, kinachofika ni pungufu.

Na kwa kuwa vitabu vya fizikia husema isotopu (aina za atomu kama hizi zenye namba) "huoza", ningeomba neno hilo libaki darasani. Kando ya kitanda cha mgonjwa semeni "hugeuka", kwani ndicho kinachotokea: luteti-177 hugeuka hafni-177, ambayo haitoi mionzi tena.