Maswali Yenu: Tiva wa Dunga na Orutu

SWALI: Huku Dunga kuna ndege mwenye tumbo jekundu na mgongo mweusi. Hupiga mbinja, na papo hapo hukwaruza kama nguo inayochanika. Nataka kumwiga kwa orutu, fidla yetu ya uzi mmoja. Niupangeje uzi? – Mpiga orutu, Kisumu

JIBU: Kwanza, unayemwiga si mmoja. Hao ni tiva wa aina ya Laniarius erythrogaster, nao huimba wawili wawili: mmoja mbinja, mwenziwe mkwaruzo, na kiitikio huja kabla robo ya sekunde haijapita. Ndiyo maana sikio hudhani ni koo moja. Mwingereza William Thorpe alichapisha vipimo vya kuitikizana huko mwaka 1963.

Warekodi kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, kabla bodaboda hazijaamka. Tumia simu mbili, moja kila upande wa kichaka, mita 10 hivi kati yake, kisha upige kofi moja ukiwa katikati kabisa. Utalinganisha rekodi zote mbili kwa kofi hilo. Ukilipigia karibu na simu moja, nyingine itachelewa sekunde 0.03, kwa kuwa sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Ndege wakitua matawi yaliyoachana, mbinja itavuma zaidi simu moja na mkwaruzo nyingine. Wakibanana tawi moja, hutaweza kuzitenganisha sauti zao, subiri wahame.

Hifadhi kwa WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, na uzime kipunguza kelele: kwa simu, ndege ni kelele, naye hufutwa. Ujumbe wa sauti wa kutumiana usiutumie kabisa, hukata sauti za juu.

Sasa punguza kasi iwe nusu, sauti ishuke oktava moja. Utasikia mbinja ikiteleza, haisimami kwenye noti. Nyatiti yenye nyuzi zake nane ingekusumbua hapo, lakini kwenye orutu kidole kinateleza kitakavyo, kwa hiyo usihangaike kuupanga uzi kwa kinanda. Mkwaruzo unatoka ukikandamiza upinde na kuuvuta polepole. Mkono mmoja ukibadilisha hivyo huchelewa, na ukichelewa tiva amekwisha! Mpe mwenzako orutu ya pili. Kwa maoni yetu, nafasi kati ya sauti mbili ndiyo wimbo wenyewe. Noti zikikosea kidogo hakuna atakayejua.

SWALI: Kasuku wa jirani hutikisa kichwa redio ikilia. Anafuata mdundo kweli? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Huenda. Kakatua (jamii ya kasuku) aitwaye Snowball, huko Marekani, alipimwa na matokeo yakachapishwa mwaka 2009: wimbo ulipoongezwa au kupunguzwa kasi, mara nyingine naye alibadilika. Fanya vivyo hivyo kwa asilimia 10 kila mara. Lakini watu wote watoke chumbani na simu ibaki ikirekodi video, maana kasuku huiga pia kichwa chako unachotikisa bila kujijua.