Wadogo wa bale, sikieni besi kwanza

Wadogo zangu, kila kundi jipya la bale, yaani la wacheza dansi, linapoingia repetisyo, mazoezi yetu ya pamoja, hapa Goma, kosa ni lile lile la kundi lililopita. Mnafika mkiwa mmeshajua hatua. Mmezitoa kwenye simu, na mkiwa peke yenu mnazicheza vizuri. Halafu orkestra inaanza, gitaa la solo linapandisha sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezea, atalaku, mpaza miito ya kuchezesha, anaita, na nyinyi mnaendelea na hesabu zenu kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Kucheza ni kuitika. Asiyeitika anafanya mazoezi ya viungo mbele ya watu.

1. Simu. Sijaikataza, lakini jueni inavyowadanganya. Spika yake ni ndogo mno kutoa sauti za chini, kwa hiyo gitaa la besi na ngoma kubwa ya dramu, vitu viwili vinavyobeba miguu ya mchezaji, karibu havisikiki. Kinachobaki ni mwimbaji na solo. Mwili unajifunza kumfuata mwimbaji, na mwimbaji wa rumba kazi yake ni kuchelewa na kuwahi apendavyo. Siku ya arusi bafle, zile spika kubwa, zinapiga besi mpaka kifuani, mnaisikia kwa mara ya kwanza, miguu inapotea.

Kuna pia kushoto na kulia. Mchezaji anayewatazama kwenye skrini, mkono ulio upande wenu wa kushoto ndio wake wa kulia, na kamera ya mbele mara nyingi inageuza picha kama kioo. Watu sita wanajifunza kwenye video mbili, watatu wanaanza kulia, watatu kushoto, na kwenye hatua ya nne viwiko vinagongana. Semeni hatua kwa jina la mguu. Semeni pia mguu upi umebeba uzito kabla ya kuanza: anayekosea mguu wa kwanza mara nyingi aliacha uzito juu ya mguu uliotakiwa kutoka. Na video ni ya sekunde 30, wakati sebene la jukwaani linaweza kupita dakika 5. Nane zenu nne, yaani hesabu ya moja mpaka nane mara nne, zikiisha mnazirudia tena na tena, na watu wanaanza kuangalia sahani zao.

Dawa yake haipendezi vijana, kwa sababu ni kukaa chini. Kabla ya hatua yoyote, sikilizeni wimbo mzima mara tatu kwenye bafle. Mara ya kwanza fuateni besi peke yake. Mara ya pili ngoma ndogo ya dramu: gawanyeni duru moja ya mdundo katika mapigo madogo 16, mpige makofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Hiyo ndiyo klave ya rumba yetu ya Kongo, mdundo unaoshika wimbo wote, iliyoturudia kutoka Cuba. Sebene likichemka, kofi la mwisho mara nyingi linavutwa mpaka 12, na hapo ndipo mwili unapopata ile hamu ya kwenda mbele. Anayehesabu moja mpaka nane haisikii, maana pigo la 4 na la 12 yanaangukia katikati ya namba zake. Mara ya tatu msikilizeni atalaku, ambaye tangu miaka ya 1980 ndiye anayeamuru mchezo: andikeni kila anapoita, na baada ya muda gani solo inamjibu. Umeme ukikatika, na unakatika, mmoja apige yale makofi, wengine wacheze bila wimbo. Bale inayoweza kufanya hivyo dakika 3 bila kuachana, ninaipeleka popote.

2. Kiuno kinatoka kwenye magoti. Mgeni anakisukuma kwa nguvu ya mgongo wa chini, kisha analalamika mgongo. Miguu iachane upana wa nyonga, magoti yote yalegee, halafu kunja goti moja zaidi: nyonga ya upande huo inashuka yenyewe, ya pili inapanda. Badilisha, polepole kwanza. Fanyeni mabega yakigusa ukuta. Yakiuacha, bado mnasukuma.

3. Sima, yaani sakafu ya saruji. Parsela nyingi, viwanja vya nyumba tunazofanyia kazi, ni sima juu ya mawe ya volkano, na sima hainepi. Ukiruka, vidole vitangulie kugusa chini, kisigino kifuate, goti likae juu ya kidole cha pili, lisiingie ndani. Mguu ukitua kwa kishindo, umetua vibaya. Muundi ukianza kuuma, acha kuruka na ufanye hatua zote bila miguu kuondoka chini. Pomada, dawa ya kupaka, inanyamazisha maumivu tu. Maumivu yakikaa mahali pamoja, padogo kama ncha ya kidole, na yakikuamsha usiku, nenda hospitali, usimngoje koregrafu, mpanga hatua wenu, akupe ruhusa.

4. Mwagieni uwanja maji kabla ya kufagia. Njuga zifungwe juu ya soksi. Mavazi ya spektakli, yaani ya onyesho, yavaliwe katika repetisyo moja kamili. Bei na transporti ya kurudi usiku mkubaliane kabla ya kuvaa.

5. Kilio, yaani msiba. UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la utamaduni, ilipoiandika rumba ya Kongo kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2021, ilitaja sherehe na maombolezo pamoja, na sisi tulijua hivyo tangu zamani. Lakini vijana wakialikwa kwenye kilio wanaleta nguvu ya arusi. Hatua ni ile ile, ipunguzeni: miguu isiache ardhi, mikono isipite mabega, tabasamu la jukwaani liachwe nyumbani. Mfuateni mama anayeanzisha wimbo. Akipunguza mwendo, punguzeni. Akinyamaza, simameni mlipo, msimalize nane yenu. Mahali pale hakuna anayewahukumu hatua. Wafiwa wanataka kuona kuna mwili mwingine unaobeba nao, na kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko jukwaa lolote, tena ndiyo ninayoona ikifanywa kwa haraka kuliko zote.

6. Mwisho wa wimbo. Orkestra haifungi pale rekodi ilipofunga. Kubalianeni ishara na mpiga dramu kabla ya kupanda, na mmoja tu, aliye pembeni, apewe kazi ya kumtazama. Akiiona, apaze sauti neno moja, mpaka mstari wa nyuma usikie.